Anzia Juu: Mwongozo Kamili wa Kuchora Ramani ya Jiolojia ya Shimo la Msingi wa Kinu cha Nyuklia

Ramani nyingi za mashimo ya misingi ninazoletewa na wanajiolojia vijana zinakwama pale pale. Sakafu imechorwa vizuri, rangi zimepangika, vipimo vipo. Kisha nauliza: "Huu mpasuko unaokatiza sakafu, mara ya mwisho ulihama lini?" Jibu halipo. Mchoraji aliingia shimoni siku eskaveta zilipofika chini, na udongo wa juu ambao ungemjibu ulishapakiwa kwenye malori wiki kadhaa nyuma.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kuzuia hasara hiyo. Nimeuandika kwa mtu anayejua kushika dira na kutambua miamba, lakini hajawahi kukabidhiwa shimo ambalo juu yake litasimama jengo la kinu. Kenya na Uganda zote zina mipango ya mitambo ya nyuklia, kwa hiyo wapo miongoni mwetu watakaosimama kwenye mashimo hayo. Anayefanya kazi kwenye msingi wa bwawa atafuata hatua hizi hizi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno mawili. Ufa ni mahali mwamba umepasuka lakini pande zake mbili hazikusogea. Mpasuko ni pale upande mmoja umehama ukilinganishwa na mwingine. Nyufa zipo kila mahali, na mara nyingi ni suala la mhandisi wa msingi. Mpasuko ni suala la usalama wa kinu, na ukithibitika kuwa hai, yaani bado una uwezo wa kuhama, unaweza kuua mradi mzima.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya siku ya kwanza

Vya kupimia:
- dira ya jiolojia yenye kipimia mwinamo, mbili, ili moja ikiharibika kazi isisimame
- totali stesheni (chombo cha sevea cha kupimia pembe na umbali) pamoja na sevea wa kudumu, asiwe wa kuazimwa kila mara kutoka timu ya nondo
- futi kamba za mita 5 na mita 50, timazi, pimamaji, kamba za nailoni, misumari ya zege na vibao vya namba

Vya kusafishia: miko, brashi laini na ngumu, sururu ndogo, kompresa yenye bomba la hewa, pampu ya maji yenye presha ya kurekebishika. Usisahau turubai. Mvua ya usiku mmoja inaweza kukufutia ukuta mzima.

Vya kurekodia: kamera yenye lenzi isiyobadilisha ukuzaji, droni ikiruhusiwa, kadi ya rangi, skeli ya picha, karatasi za gridi zisizolowa, penseli ngumu, daftari lenye kurasa zilizopigwa namba. Kishikwambi kinafaa, lakini daftari la karatasi liwepo.

Vya sampuli: mabomba ya chuma au plastiki nyeusi yenye vifuniko, karatasi ya alumini, mifuko miwili miwili kwa kila sampuli, kalamu isiyofutika, fomu za makabidhiano.

Mwisho ni helmeti, buti, reflekta, na ruhusa ya maandishi ya kuingia shimoni kutoka kwa msimamizi wa usalama. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka mtaro wenye kina cha mita 1.5 au zaidi uegemezwe au kuta zake zilazwe, isipokuwa umechimbwa kwenye mwamba imara mtupu. Popote ulipo, fuata kiwango hicho au kikali zaidi. Usiingie chini ya ukuta mbichi kwa sababu tu mpasuko unaonekana vizuri hapo.

## Hatua ya 1: Ingiza kazi yako kwenye ratiba ya mkandarasi

Anza na leseni ya ujenzi. Marekani, leseni kadhaa za vinu zilizotolewa na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, NRC, karne hii zina sharti la wazi: mashimo ya majengo yanayohusu usalama yachorwe ramani ya kina, kila kisichotarajiwa kitathminiwe, na tume ijulishwe mashimo yakiwa bado wazi ili wakaguzi wake waje kujionea. Kama leseni yako haina sharti hilo, omba liandikwe kwenye mkataba.

Kisha kaa na mpangaji wa ratiba na mweke vituo vya lazima, yaani mahali ambapo mashine haziendelei mpaka mwanajiolojia atie saini. Kimoja kiwe kila ngazi mpya ya kuta inapofunguka, kingine kabla ya kunyunyizia zege ukutani, na kingine kabla ya kumwaga zege la kusawazisha sakafuni.

Hii ni muhimu kwa sababu foremani ana lengo lake la siku, na ni haki yake. Ukimwendea asubuhi ukimwomba asimamishe katapila, utakuwa unaomba hisani. Kituo kikiwa kwenye ratiba, gharama yake ilishahesabiwa na hakuna wa kugombana naye.

Chora pia ramani ya matarajio. Kusanya taarifa za visima vya uchunguzi na upimaji wa mitetemo, halafu andika unategemea kukuta nini kila ukuta, mita kwa mita. Utakachokuta tofauti na hapo ndicho cha kuchunguza kwanza.

*Umefanikiwa kama* foremani anaweza kukuambia, bila kuangalia karatasi, ni lini atakusimamishia mashine.

## Hatua ya 2: Weka gridi isiyotegemea shimo

Sevea aweke alama za kudumu nje ya eneo la kuchimbwa, zikiwa zimefungwa kwenye mfumo wa vipimo vya gridi wa mradi. Kila gridi ya ndani ipimwe kutoka kwenye hizo. Sakafuni, miraba ya mita 5 kwa 5 inatosha mwanzoni. Ukutani, nyosha kamba ya mlalo kwa pimamaji kila mita moja ya kimo, na za wima kwa timazi kila mita mbili.

Alama za ndani zitang'olewa na ndoo ya eskaveta. Usipokuwa na za nje, ukuta wa ngazi ya tatu hutaweza kuuunganisha na wa ngazi ya kwanza.

## Hatua ya 3: Anzia juu

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Umri wa mpasuko kwa kawaida hausomeki kwenye mwamba wa chini. Mwamba wenye miaka milioni 500 uliopasuka unakuambia kitu kimoja tu, kwamba mpasuko una umri mdogo kuliko mwamba huo. Ulitokea miaka milioni 400 iliyopita au juzi? Mwamba hauwezi kujibu. Jibu liko kwenye mashapo yaliyoulalia: mchanga wa mto wa kale, changarawe za ufuo wa zamani, udongo uliokomaa, majivu ya volkeno. Mpasuko ukipanda na kuyakata, ulihama baada ya mashapo hayo kuwekwa. Ukiishia chini yake, na tabaka likapita juu bila kuvunjika, basi haujahama tangu tabaka hilo lilipolala.

Na mashapo hayo ndiyo yanayochimbwa kwanza, kwa haraka kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ni laini na hakuna anayeyatamani.

Fikiria Bodega Head, kwenye pwani ya California. Kampuni ya Pacific Gas and Electric ilikuwa inachimba shimo la kinu karibu kabisa na mpasuko mkuu wa San Andreas. Mwaka 1963 wanajiolojia wa serikali ya Marekani, Julius Schlocker na Manuel Bonilla, walichora shimo lile na kukuta mpasuko unaolikatiza. Haukuishia kwenye mwamba. Uliendelea juu hadi kwenye mashapo yaliyoufunika, na hilo ndilo lililoufanya mzito. Tarehe 30 Oktoba 1964 kampuni iliondoa ombi lake. Shimo lipo mpaka leo, limejaa maji kama kidimbwi. Kama mashapo yale yangeondolewa kabla ya kuchorwa, hoja kuhusu umri ingebaki ubishi wa maneno.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuondoa udongo ndiyo siku yako ya kwanza kazini. Fanya hivi:

1. Kila ngazi ya kuta, yaani mita mbili hadi tatu, ichorwe kabla mashine hazijashuka ngazi inayofuata.
2. Tafuta tabaka alama, yaani tabaka jembamba linalotambulika kirahisi na linaloendelea mbali: mstari wa kokoto, mkanda wa udongo mwekundu, majivu. Lifuate kuzunguka shimo lote na sevea apime kimo chake kila mita chache.
3. Acha nguzo ya ushahidi. Mwombe mkandarasi aache kona moja au mbili za udongo wa juu bila kuchimbwa mpaka sakafu ya mwamba ionekane. Mpasuko ukijitokeza chini, utakuwa bado na mahali pa kuufuatilia juu.

Nguzo ya ushahidi ndiyo watu wanaona tabu kuiomba. Iombe mapema, wakati michoro ya uchimbaji inaandaliwa, na mara nyingi inapatikana kwenye njia ya malori ambayo ingebaki tu. Mpasuko ukijitokeza sakafuni na nguzo zako haziko kwenye mstari wake, toka nje ya shimo ufuate mwelekeo wake na uchimbe mtaro wa uchunguzi kwenye mashapo ambayo hayajaguswa.

*Umefanikiwa kama* unaweza kunyoosha kidole kwenye tabaka moja na kusema: hili limezunguka shimo lote, na nimeliona kila mita.

## Hatua ya 4: Safisha mpaka ukuta useme

Ukuta uliotoka kwenye meno ya ndoo una mikwaruzo ya chuma na utando wa udongo uliopakwa. Ukichora hapo utachora kazi ya mashine.

Kwenye mashapo tumia mwiko. Kwangua kutoka juu kwenda chini, sentimita mbili au tatu, kisha pitisha brashi laini. Maji usiyatumie, yataosha mchanga na kuacha mfinyanzi ukiwa umevimba. Kwenye mwamba mgumu anza na hewa ya kompresa, kisha maji ya presha ndogo. Presha kubwa hung'oa unga laini uliomo ndani ya mpasuko, na unga huo ni ushahidi.

Miamba ya tope na mingine inayofanana nayo huanza kumomonyoka saa chache baada ya kuonja hewa. Hapo usifungue eneo kubwa. Acha tabaka la mwisho la nusu mita hadi mita moja bila kuchimbwa, liondolewe kipande kwa kipande bila baruti, kisha kila kipande kichorwe na kufunikwa. Kwenye mtambo wa nyuklia wa Vogtle, jimbo la Georgia, Marekani, walilazimika kuondoa karibu mita 27 za mchanga wa juu kwa ajili ya kinu cha 3 na cha 4 mpaka wakafika kwenye tabaka gumu la mchanganyiko wa chokaa na mfinyanzi. Katika shimo la ukubwa huo hakuna anayeweza kuweka kila kitu wazi kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 5: Piga picha kabla ya kugusa penseli

Picha za kila ukuta zipishane kwa asilimia 70 hadi 80, kamera ikiwa imeuelekea ukuta moja kwa moja, na angalau pointi nne zilizopimwa na sevea zionekane katika kila seti. Hivyo programu ya kompyuta itatengeneza umbo la ukuta lenye vipimo sahihi. Piga wakati ukuta wote uko kivulini au wote uko juani, kwa maana kivuli cha nusu ukuta kinafanana sana na mpaka wa tabaka.

Picha haichukui nafasi ya mchoro. Haijui kama mstari mweusi ni mfinyanzi, mzizi au oili ya mashine. Hilo linajulikana kwa kidole na ncha ya kisu, ukiwa umesimama pale.

## Hatua ya 6: Chora ulichokiona, na ulichofikiri kiandike pembeni

Skeli ya 1:100 inafaa kwa sakafu na kuta kwa jumla. Kila mpasuko, na kila kitu kinachotia shaka, kipate mchoro wake wa 1:20 au mkubwa zaidi.

Utaratibu ninaoupendelea: mipaka ya matabaka kwanza, kisha nyufa na mipasuko, kisha mambo madogo kama mawe, mizizi na maji yanayochuruzika. Mpaka unaouona wazi uchore kwa mstari mzima. Usioonekana vizuri, mstari wa vipande. Unaoukisia, nukta na alama ya kuuliza. Yeyote atakayesoma baadaye ajue ni wapi ulikuwa na hakika na ni wapi ulikuwa unaunganisha.

Daftari ligawe kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika ulichokiona: "mkanda laini wa kijivu, upana sm 4, unaminyika kwa kidole." Kulia andika tafsiri: "huenda ni unga wa mpasuko." Ukibadilisha mawazo wiki ijayo, tafsiri mpya iandikwe chini ya ya kwanza na tarehe yake. Ukurasa wa kushoto haubadilishwi kamwe.

Si suala la unadhifu. Huko Japani, mwaka 2020 ilibainika kwamba maelezo ya sampuli za visima katika nyaraka za kinu cha 2 cha Tsuruga yalikuwa yameandikwa upya: mahali palipoelezwa kuwa na vitu visivyoshikamana pakasomeka tofauti. Mapitio yalisimama, imani ikaondoka, na mwezi Novemba 2024 mamlaka ya udhibiti ilikikatalia kinu hicho rasmi kwa sababu haikuweza kuondolewa hofu ya mpasuko hai chini yake. Ilikuwa mara ya kwanza kinu kukataliwa chini ya kanuni za Japani za mwaka 2013. Maelezo ya mwanzo ya mtu aliyeshika sampuli mkononi hayana mbadala.

## Hatua ya 7: Hoji kila mpasuko maswali yale yale

Kila mpasuko upewe namba, na kila namba iwe na karatasi yake yenye:

- Mwelekeo na mwinamo, angalau vipimo vitano kila mmoja, kwa kanuni ya mkono wa kulia: ukitazama mwelekeo ulioandika, mteremko uwe kuliani mwako.
- Urefu unaoonekana, na mahali kila ncha inapoishia. Imekufa ndani ya mwamba, au imefunikwa tu na udongo?
- Upana na kilichomo ndani: unga, mawe yaliyopondwa, madini yaliyoota, au hakuna kitu.
- Mikwaruzo kwenye uso wake na pembe yake kutoka mlalo.
- Kiasi cha kuhama, kikipimwa kwenye tabaka alama.
- Uhusiano wake na mipasuko mingine: upi umeukata upi.

Kuna mitego miwili inayokamata karibu kila mtu.

Wa kwanza ni dira. Shimo la msingi limejaa chuma: nondo, nguzo za kuegemeza kuta, mashine zenyewe. Sindano inavutwa na wewe huoni. Pima uso ule ule mara tatu ukisogea mbali na chuma. Vipimo vikitofautiana zaidi ya digrii mbili au tatu, iweke dira mfukoni na mwambie sevea apime pointi tatu au zaidi juu ya uso huo, kisha piga hesabu ya mwelekeo. Andika pia kama kaskazini uliyotumia ni ya sumaku, ya kweli au ya gridi ya mradi. Nimeona ramani mbili za shimo moja zikipishana digrii nyingi kwa kukosa mstari huo mmoja.

Wa pili ni kuamini unachokiona ukutani kuwa ndicho kiasi halisi cha kuhama. Chukua mpasuko ulio wima kwenye matabaka ya mlalo. Ukutani tabaka limeshuka sentimita 20, na unaandika 20. Lakini mikwaruzo imelala digrii 10 tu kutoka mlalo, maana yake pande ziliteleza kwa ubavu zaidi kuliko kushuka. Gawanya 20 kwa sine (sin) ya digrii 10, ambayo ni 0.174. Unapata karibu sentimita 115. Mhandisi aliyeambiwa 20 na aliyeambiwa 115 hawajengi jengo moja.

## Hatua ya 8: Tafuta umri, kwa njia inayolingana na swali

Kabla ya kuchukua sampuli, jua kanuni yako inauliza miaka mingapi. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1973 iliuhesabu mpasuko kuwa na uwezo wa kuhama kama ulihama karibu na uso wa ardhi angalau mara moja ndani ya miaka 35,000, au kwa kurudiarudia ndani ya miaka 500,000. Japani huangalia miaka 120,000 hadi 130,000, na ushahidi wa kipindi hicho usipokuwa wazi hurudi nyuma hadi 400,000.

Sasa angalia zana. Upimaji wa kaboni 14 unafika takriban miaka 50,000, basi. Kipande cha mkaa kinaweza kuthibitisha kwamba mpasuko una umri mdogo, lakini hakiwezi kukusafishia mpasuko mbele ya kanuni ya miaka 130,000. Upimaji wa luminesensi, unaosoma mara ya mwisho chembe ya mchanga kuonja jua, huenda mbali zaidi, mara nyingi kupita miaka 100,000. Uwiano wa uranium na thorium kwenye matumbawe na chokaa hufika karibu miaka 500,000. Majivu ya volkeno hupimwa kwa gesi ya argoni iliyomo ndani yake na yanaweza kwenda nyuma mno. Kwenye maeneo ya Bonde la Ufa tuna bahati ya kuwa na majivu mengi kati ya matabaka, kwa hiyo mkanda wowote mweupe mwepesi ukutani usipite bila kuuchunguza.

Sampuli ya luminesensi inaharibika kwa sekunde chache za mwanga. Sukuma bomba ukutani kwa nyundo mpaka lijae, ling'oe ukiwa chini ya turubai jeusi, ziba ncha zote mbili papo hapo, lifunge kwa alumini. Chukua pia mfuko wa udongo wa kuzunguka bomba kwa ajili ya kupima mionzi ya asili na unyevu. Bila mfuko huo maabara haiwezi kupiga hesabu.

Chukua sampuli kutoka tabaka lililokatwa na tabaka lisilokatwa lililo juu yake. Moja linasema mpasuko ulihama baada ya wakati gani, jingine linasema kabla ya wakati gani. Wengi huleta la kwanza peke yake.

*Umefanikiwa kama* unaweza kuandika sentensi hii: "Mpasuko namba 4 unakata tabaka C, haukati tabaka D, na umri wa D ni huu."

## Hatua ya 9: Usiite kila kilichopinda mpasuko

Matabaka hupinda kwa kuporomoka kwa mteremko, kwa uzito wa mashapo yaliyolala juu ya tope laini, kwa baruti ya mkandarasi, na kwa chokaa iliyoyeyuka chini na kufanya yaliyo juu yatumbukie. Nyufa za baruti hutawanyika kutoka kwenye tundu la kulipulia na ndani yake hazina madini. Mtumbukio wa chokaa una umbo la bakuli na hauendelei chini ya tundu.

Kwa anayetazama pwani yetu hili lina uzito wa pekee. Kilifi, eneo ambalo Kenya ililifikiria kwa kinu chake cha kwanza, liko kwenye mkanda wa chokaa ya matumbawe, na kila aliyechimba kisima au choo huko anajua jinsi jiwe lile linavyokuwa na matundu. Kwenye mwamba kama huo ramani ya mashimo ina thamani sawa na ramani ya mipasuko. Pima kila tundu, ingiza fimbo, andika kilicholijaza, kisha omba matundu ya kuchoronga chini ya sakafu kwa mpangilio wa gridi. Tundu ambalo halijafika sakafuni halionekani kwa macho.

## Hatua ya 10: Toa taarifa siku hiyo hiyo

Ukikuta mpasuko, au kitu ambacho hakikuwemo kwenye ramani ya matarajio, mpigie mkuu wako na uandike barua siku hiyo hiyo. Mamlaka ya udhibiti ijulishwe kwa njia iliyowekwa kwenye leseni. Usisubiri umri, usisubiri uhakika.

Mtambo wa nyuklia wa North Anna, jimbo la Virginia, Marekani, ndio mfano ninaowapa vijana wote. Mwaka 1973 mipasuko ilijulikana kwenye mashimo ya vinu pale. Baada ya uchunguzi ilionekana ni ya kale na haina uwezo wa kuhama. Mwamba haukuwa na tatizo. Hata hivyo kampuni ya Virginia Electric and Power ilitozwa faini ya dola 32,500 kwa maelezo yasiyo kamili na yasiyo ya kweli kwa wadhibiti kuhusu mipasuko hiyo, na mwaka 1978 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi.

Barua yako iwe fupi: nini kimeonekana, wapi kwa vipimo vya gridi, lini, nani ameona, nini kimesimamishwa, nini kinafuata. Ambatisha picha mbili. Neno "hai" au "si hai" lisiwemo bado.

Wakaguzi wakija, waongoze wenyewe kwenye ukuta uliosafishwa upya, uwape mwiko. Waache wakwangue.

## Hatua ya 11: Saini, funika, hifadhi

Kabla ya zege, mwanajiolojia wa pili ambaye hakuchora atembee shimo lote na ramani mkononi, achague miraba kumi bila kukuuliza, na apime upya. Tofauti zote ziandikwe na kutatuliwa ukuta ukiwa wazi. Kisha nyote wawili mtie saini kwenye fomu ya kituo cha lazima, na foremani apewe nakala.

Hakikisha zege linamwagwa kwenye eneo lililosainiwa tu. Simama pale mpaka mchanganyaji wa mwisho aondoke. Niliwahi kuondoka mapema jioni moja kwenye shimo la bwawa, na asubuhi nikakuta miraba minne ya jirani imefunikwa, mmoja ukiwa na ufa niliotaka kuurudia. Sikuuona tena, na kwenye ramani ile mraba huo una alama ya kuuliza mpaka leo.

Kifurushi cha mwisho kina ramani za kila ngazi na za sakafu, karatasi za mipasuko, daftari halisi, picha ambazo hazijahaririwa, majedwali ya sevea, matokeo ya maabara pamoja na fomu za makabidhiano, na barua zote. Tengeneza nakala tatu mahali patatu tofauti, moja iwe ya karatasi. Mitambo ya leo husanifiwa kudumu miaka 60. Atakayefungua kifurushi hicho baada ya tetemeko fulani huenda hajazaliwa bado, kwa hiyo kwenye ukurasa wa kwanza mwandikie maana ya kila alama, aina ya kaskazini uliyotumia, na mahali zilipo zile alama za sevea za nje ya shimo.